Nimetoka Pemba kwenda Mji Mkongwe kutiliwa saini kitabu, anayetaka kwenda siku nyengine asome haya kwanza

Tangu nirudi watu hawaishi kuniuliza. Ile picha niliyoweka stetasi imezua maneno, wengine wananipa hongera, wengine wanauliza mtu mzima anapandaje boti kwa ajili ya kitabu, na wapo wanaoishi Unguja humo humo mjini ambao hawakujua kama siku ile kulikuwa na kitu. Basi naandika mara moja kwa kirefu, nauli, foleni, saini, maswali, na hili la vivuli, nakala za vitabu zinazotolewa kwa mashine steshenari, ambalo ndilo hasa lililonikaa rohoni.

Mie ni fundi cherehani, Chake Chake. Hadithi za Kiswahili skuli tulizisoma kwa ajili ya mtihani, mtihani ukipita mmeachana, na mimi niliachana nazo miaka mingi. Kisha mteja wangu mmoja akaleta vitambaa vya Idi na ndani ya mfuko akasahau riwaya ya mwanawe. Umeme ulikuwa umekatika nikaichukua nipitishie muda, umeme ukarudi na mimi bado naisoma na nguo za watu zinaningoja. Kuanzia hapo kila kitabu cha yule mama aliyeiandika nikikipata nakisoma, vyengine mara mbili mbili.

Jina lake silitaji, wala duka silitaji wala jina la riwaya, kwa sababu humu kuna msichana mmoja ambaye nikiwataja hao basi na yeye atajulikana, na sitaki ajulikane. Inatosha kusema ni mwanamke, mzaliwa wa huku huku visiwani, anaishi ughaibuni siku nyingi, anaandika kwa Kiswahili, na wanaompenda wanampenda kweli kweli. Nitamwita Bi Mwandishi.

Tangazo lilikuja kwenye grupu la wasap, Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, duka la vitabu ndani ya Mji Mkongwe, atasoma, atajibu maswali, atatia saini. Ilikuwa wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya 7 Julai ambayo UNESCO waliitangaza mwaka 2021, na wiki hiyo mjini kunakuwa na makongamano na shughuli za lugha, kwa hiyo mwenye kupenda vitabu aanze kutega masikio tangu mwezi wa sita. Mimi pesa ya mchezo, yaani upatu, ilikuwa imeniangukia karibuni na Idi Kubwa imeshapita, kazi zimelegea, nikasema hii ni riziki yangu naondoka.

Tuzungumze pesa kwanza maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwa mtu wa Pemba kitabu si ghali, ghali ni kukifuata. Riwaya yenyewe ilikuwa shilingi 18,000, na mimi nilinunua tatu, lakini nauli ya boti kwenda na kurudi ilizishinda zote tatu, bado gari, bado chakula, bado kazi ambazo sikuzishona siku zile. Kama huna ndugu Unguja wa kukulaza ongeza na hilo. Nawaambia hivi ili mtu ajipange, asije akafika dukani na elfu tano mfukoni akabaki kuangalia wenzake.

Nimeondoka Ijumaa, sikungoja Jumamosi yenyewe, na hili naliwekea mkazo. Mwezi wa saba kusi linavuma, boti inaweza ikachelewa au isiondoke kabisa, na hata ikiondoka unafika umechoka hujijui. Alfajiri nikapanda daladala ya 603 mpaka bandari ya Mkoani, boti ikang'oa nanga vizuri tu watu wanapiga soga, tulipoingia mkondo wa Nungwi soga zikakatika. Anayejijua ana kichefuchefu akae nyuma na sehemu ya chini, ale kitu kidogo kikavu kabla, asipande na tumbo tupu wala asipande ameshiba pilau. Karibu yangu kulikuwa na mama alitapika tangu Nungwi mpaka tunaiona bandari ya Malindi, Unguja mjini, ningekuwa ni yeye halafu jioni ile ile nikasimame kwenye foleni nisingeweza.

Nilifikia kwa khalati yangu, ndugu wa mama, Michenzani. Kuniona tu na mkoba akaniuliza, "Mwanangu, umekuja kwa arusi au kwa maiti?" Nikamwambia nimekuja kwa kitabu, khalati. Akanyamaza kidogo akauliza kitabu gani, nikamtajia, akasema, "A-a, hicho mjukuu wangu kanisomea chote." Khalati kusoma hajui, macho yenyewe yameshachoka, lakini kile kitabu anakijua kuliko mimi, anakumbuka mpaka rangi ya mlango wa ile nyumba. Usiku tulikaa mpaka saa 5 tunamjadili yule mwanamke wa kwenye riwaya ambaye alikwenda kwa kadhi kuomba khului, ile talaka ya mke kujikomboa, akarudisha mahari yote kwa mume aliyemtesa. Khalati hilo halijamwingia mpaka leo. Akanituma, "Ukimuona huyo mwandishi wako nisalimie, kisha muulize, mwanamme ndiye mkosa, kwa nini yule mtoto wa watu karudisha mahari?"

Namshukuru sana khalati kwa lile swali. Kwenye foleni nikaja kuona watu wazima wanafika mbele ya meza wanapatwa na bumbuwazi, mtu amekaa na kitabu miaka, akifika pale anasema "nakupenda sana" na imekwisha, zamu imepita, anatoka nje anajuta. Zamu yako pale ni fupi mno. Nenda na swali moja, moja tu, liwe la kitabu chenyewe, ulijue kwa kichwa.

Jumamosi nikatoka Michenzani kwa miguu, Darajani, nikaingia Mkunazini, nikateremka na vichochoro mpaka dukani. Nilifika kama saa 9, hata Alasiri bado, nikadhani nitakuwa wa mwanzo. Wapi! Baraza ya nje imejaa, ndani viti vya plastiki vimeshakaliwa karibu vyote, feni inazunguka na hewa haipo, vitabu mpaka dari. Duka dogo lile, ukinyoosha mikono unagusa rafu huku na huku.

Na kulikuwa na wanawake, ndugu zangu, siwasahau. Kundi zima wamejitanda kanga za sare, na mimi kwa kazi yangu jicho lilikwenda kwenye nguo kabla halijakwenda kwa mtu. Kanga ni za dukani za kawaida, lakini pale penye jina, yale maneno ya kanga, wamepafunika kwa utepe mweupe wa bafta, wamelaza vizuri hauna hata mkunjo, na juu ya utepe wametarizi kwa mkono, siyo mashine, maneno anayoyasema yule mwanamke wa kwenye riwaya siku anayotoka kwa mumewe: NILOLIBEBA MOYONI SILITUI BARAZANI. Nikamuuliza mmoja, dada hii kazi mmefanya nani? Akasema wenyewe, usiku baada ya kulaza watoto, kila mtu na yake, na wengine kutarizi wamefundishwa kwa ajili ya siku hiyo. Nikaishika pindo ile kanga nikaigeuza ndani, uzi haujaning'inia popote. Mtu akifanya kazi namna hiyo kwa ajili ya maneno ya kitabu huna la kumwambia.

Sasa mambo ya foleni. Foleni yenyewe haikuwepo, kulikuwa na watu na mlango. Kuna kijana wa dukani alikuwa anagawa vijikaratasi vya namba lakini hakutangaza, aliyejua alichukua, asiyejua alikaa akidhani kukaa mbele ndiyo kuwa wa mbele. Kwa hiyo ukifika popote, kabla ya kiti, kabla ya picha, uliza kama kuna namba. Na kabla ya namba nunua kitabu. Mimi nilinunua pale pale nilipoingia, kimoja changu, kimoja cha mjukuu wa khalati, kimoja cha yule mteja wangu aliyenisahaulia mfuko. Kabla mazungumzo hayajafika nusu vitabu vikaisha, watu wanaulizana wanaambiwa hakuna, na waliosema nitanunua nikitoka walibaki na namba mkononi na hawana cha kutiliwa saini. Inauma kuangalia.

Karibu yangu pale barazani alikaa mzee mmoja, ami wa watu, na mfuko wa nailoni magotini. Ndani ana vitabu vya zamani vya Bwana Msa, yule mpelelezi wa kwenye hadithi, vimefungwa gazeti, na juu kabisa Mzimu wa Watu wa Kale, ile ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka 1960. Akanieleza ile hadithi ilishinda mashindano ya uandishi kabla hata haijachapwa kuwa kitabu, na wao vijana wakati huo walikuwa wanakisoma kwa zamu, mmoja usiku huu mwengine kesho. Nikamuuliza ami, hivi navyo umeleta vitiwe saini? Akasema hapana, nimeleta nimuoneshe, ajue kama tunavitunza. Nilitamani nimkumbatie.

Shughuli ilitakiwa ianze baada ya sala, ikaanza imechelewa kwa kumngoja mgeni rasmi. Kisha risala, kisha shukrani, kisha kila anayesimama anasema itifaki imezingatiwa halafu anaizingatia tena upya. Wanaoandaa mambo haya naomba mnisikilize kwa wema, baina ya Alasiri na Magharibi mwezi wa saba ni kama saa mbili na nusu basi, sala ikifika watu wanatoka. Mkila saa nzima kwa hotuba mnawala wasomaji. Mpeni mwandishi asome kwanza, viongozi wanaweza wakasema wakati watu wanajipanga.

Lakini aliposoma, wallahi. Alivaa miwani, akafungua pale penye karamu ya arusi ya pili, akaanza kwa sauti ya chini tu hata maiki hakuishika. Wale wahusika wa Pemba aliwasemea Kipemba chenyewe, wa mjini akawasemea kimjini, na alipofika kwenye yale maneno ya kwenye kanga hakuyasema, alinyanyua kichwa akanyamaza, na lile kundi la wanawake likayasema lote pamoja, na wa barazani nje nao wakayasema, na mimi nikajikuta nayasema. Machozi yalinitoka. Nilikuwa nimeyasoma maneno yale peke yangu kwenye cherehani sijui mara ngapi na siku zote nikidhani ni mimi tu yaliyonigusa, hapa Chake mtu wa kuzungumza naye kitabu sikuwa naye, kumbe watu wamejaa, wapo Jang'ombe, wapo Makunduchi, wapo mpaka waliotoka Dar asubuhi ile.

Maswali sasa. Wa kwanza alisimama bwana mmoja akahutubia kuhusu maadili mpaka watu wakaanza kuguna, swali halikuonekana. Wa pili msichana wa chuo, akauliza kama mwandishi alikwenda kukaa Mahakama ya Kadhi kabla ya kuandika, Bi Mwandishi akasema alikaa, siku nyingi, kwenye benchi la nje pamoja na wanawake wanaosubiri kuitwa, na kwamba mambo ya ndani ya mahakama kila mtu anayaandika, yeye alitaka lile benchi. Hili jibu nimeliandika kwenye simu. Nawashauri na nyinyi muandike, msirekodi video muda wote, wenzangu wamerudi na video za kichwa cha mtu wa mbele.

Kisha kutia saini kukaanza, na hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mbele yangu kwenye zamu alikuwepo msichana, wa skuli bado, kavaa buibui jipya, kakumbatia kitu kifuani. Alipoikaribia meza kijana wa dukani akamwambia atoe kitabu akifungue ukurasa wa mwanzo, na yeye akatoa kivuli. Ile ya steshenari, waya mweusi pembeni, plastiki juu, picha ya jalada imetoka kijivujivu huwezi kuona uso. Kijana akasema kwa sauti, "Hiki hakitiwi saini. Huu ni wizi." Watu wote wakageuka. Msichana akakirudisha chini ya buibui, akainama, nikaona masikio yake tu yanavyotetemeka na hereni.

Pakazuka mabishano. Mwengine anasema wizi ni wizi, kuna Sheria ya Hakimiliki hapa Zanzibar tangu 2003, mwandishi anakula nini. Mwengine anasema mwacheni mtoto. Na mimi nitasema ukweli, yule kijana alichosema si uongo lakini namna alivyokisema mbele za watu haikuwa na haja, mtoto angevutwa pembeni.

Bi Mwandishi akaweka kalamu. Akasema, "Mwanangu, hebu lete nikione." Akakipokea kile kivuli akakifungua taratibu, mimi nimesimama nyuma ya bega la yule msichana naona kila kitu. Pembezoni mwa kurasa kumejaa maandishi ya biki, buluu na nyekundu, mishale, maswali, majina ya wahusika na nani ndugu wa nani. Akaendelea kufunua mpaka katikati, akasita. Hapo pana karatasi za daftari zimechomekwa kwenye ule waya, zimeandikwa kwa mkono pande zote mbili, herufi ndogo ndogo zimekaa kwenye mistari. Akauliza hizi nini? Msichana akasema kwa sauti ndogo, mashine iliruka kurasa, nikaziazima kwa mwenye kitabu nikazinakili.

Bi Mwandishi alizisoma zile karatasi. Siyo kuangalia, kusoma, mstari kwa mstari, na foleni yote imenyamaza. Kisha akamuuliza umelipa kiasi gani kutoa hiki? Akasema 12,500 pamoja na waya. "Na kwa nini hukununua chenyewe?" Akasema kwetu hakipo. Kwao wapi? Micheweni. Na leo? Leo nimekuja na elfu ishirini, shikamoo, nimeambiwa vimekwisha.

Nilihisi kitu kinanikaba. Mtoto katoka Micheweni, mbali kuliko mimi, na pesa ya kitabu kaikamata mkononi, anaitwa mwizi.

Bi Mwandishi hakumbembeleza wala hakumfokea. Alisema, na alisema watu wote wasikie, kwamba kivuli hakimpi hata senti, wala hakimpi mwenye duka wala mchapishaji, na kwamba hata kitabu kikiuzwa halali mrabaha wake ni asilimia 10, kwenye 18,000 yeye anashika 1,800, kwa hiyo kila kivuli kinamuuma na hatasema hakimuumi. Kisha akasema, "Lakini hizi karatasi umeandika wewe kwa mkono wako. Hapa ninaweza kutia saini." Akazitia saini zile za daftari, zote, moja moja.

Mimi nilikuwa na vitatu mkononi. Nikampa kimoja, akanipa 18,000 yake, nikaichukua kwa sababu niliona anataka kukinunua na siyo kupewa, na kikatiwa saini nacho. Mteja wangu nitamtafutia chengine.

Zamu yangu. Nilikuwa nimeshaandika majina kwenye kijikaratasi, la khalati na la mjukuu, kwa herufi kubwa, na hili mfanye maana kwenye kelele zile "Time" inaandikwa "Fatma" na "Raya" inaandikwa "Rahma", wa mbele yangu kadhaa waliondoka na majina ya watu wengine. Chukua na kalamu ya biki yako, zile kalamu za wino mzito zinavuja upande wa pili, karatasi za riwaya zetu ni nyepesi. Simu mpe mtu wa nyuma yako ikiwa imeshafunguliwa kamera. Nikafikisha salamu, nikauliza swali la khalati kama lilivyo. Bi Mwandishi akanitazama, akasema, "Kwa sababu angengoja mume akiri kosa angengoja miaka, na alitaka atoke mlangoni hadaiwi na mtu." Kisha yeye akaniuliza, "Na khalati yako angefanyaje?" Nikamwambia, kasema angebaki na ile pesa akanunua cherehani. Akacheka mpaka akavua miwani. Kwenye kitabu cha kule Michenzani akaandika: Kwa khalati, ambaye angenunua cherehani. Khalati amekiweka kabatini pamoja na hati za nyumba.

Nyuma yangu kulikuwa na kijana kaleta muswada wake, bahasha nene, anataka Bi Mwandishi auchukue akausome. Hakuuchukua, alimjibu kwa upole kwamba mahali pake ni kwa mchapishaji, na kijana aliondoka ameinamisha kichwa. Nilimuonea huruma sana lakini wenye miswada jueni meza ile siyo mahali pake, muulizeni kitu kimoja cha uandishi, mtafaidika zaidi.

Adhana ya Magharibi ikalia na foleni bado ndefu. Nusu ya watu waliondoka moja kwa moja wakijua imekwisha. Haijaisha, baada ya sala alirudi, duka limepoa, na pale ndipo palipokuwa patamu kuliko mchana kutwa, muuza kahawa kapita, tumekaa kitako barazani na vikombe, yule ami anamuonesha Bwana Msa wake mmoja mmoja, wale wanawake wa kanga wanabishana kuhusu mahari mpaka wapita njia wanasimama. Ukiweza usiwe na haraka ya kurudi.

Kabla sijaondoka nilimfuata mwenye duka mwenyewe, nikamuuliza kwa nini Pemba vitabu hivi hatuvioni. Alinijibu bila kuficha. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam na Nairobi, wanachapa kidogo kidogo, yeye vitabu vingine inabidi alipe kabla, anavileta kwa boti mpaka Unguja, sasa kuvivusha tena Pemba bila kujua nani atanunua ni pesa inalala. Akanikumbusha mwaka 2021 mwandishi Abdulrazak Gurnah aliposhinda Nobel ya fasihi, mzaliwa wa hapa hapa Unguja, watu waliingia dukani wanataka vitabu vyake kwa Kiswahili na hapakuwa na hata kimoja, mpaka 2022 ndiyo ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaichapa. Akasema wasomaji wapo, siku zote walikuwepo, lakini msomaji asiyeagiza mimi simuoni. Nikamuuliza nikikuletea oda ya vitabu kumi? Akasema kumi nakufungia kwenye boksi nakupakilia boti, nauli ya mzigo mtagawana haifiki elfu moja kila mtu.

Fanyeni hesabu wenyewe. Kivuli 12,500, kimerukwa kurasa, hakina jalada, mwandishi hapati kitu. Kitabu 18,000 na kama elfu moja ya mzigo. Tofauti ipo, sisemi haipo, na kwa mtoto wa skuli elfu sita ni nyingi, lakini wawili wakichangia kitabu kimoja wametumia chini ya kivuli na wana kitabu cha kweli wanachoweza kuwaachia wadogo zao.

Kwa hiyo nimeanza. Kwenye cherehani yangu kuna daftari, ukurasa mmoja jina na kitabu, ukurasa wa pili pesa iliyolipwa, na simlipii mtu, ukilipa unaandikwa usipolipa huandikwi. Boksi la kwanza limeshafika, lilikuwa la vitabu kumi na viwili, kimoja kilikunjika pembe kwa sababu kilifungwa juu ya vyengine bila kadibodi, nimewaambia warekebishe na wamekubali. Mwalimu mmoja wa Wete ameagiza vitano kwa wanafunzi wake. Yule msichana wa Micheweni naye ameniletea orodha ya wenzake, imeandikwa kwa zile herufi zake ndogo ndogo, wengine wamechangiana wawili wawili. Wa Mkoani nao wanauliza, nikawaambia wao ndio wana bahati, boksi linateremkia kwao, wapate mtu mmoja mwaminifu wa kulipokea bandarini basi wafungue daftari lao, mwenye duka namna ya kumuagizia nitawapa.